Ufunguo wa Tatu: Miaka Sita Katika Kamati ya Fedha ya Parokia

Sanduku la fedha la parokia yetu ni la chuma, limepakwa rangi ya kijivu, na lina kufuli tatu kama yalivyo masanduku ya VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa vya vijijini. Ufunguo wa kwanza hukaa kwa Baba Paroko, wa pili kwa mhazini, na wa tatu kwa mlei mmoja, yaani muumini asiye padre wala mtawa, ambaye hana kazi nyingine pale ila kuushika ufunguo huo na kushuhudia kila mara sanduku linapofunguliwa. Kuanzia mwaka 2018 hadi 2024 mlei huyo nilikuwa mimi. Parokia yenyewe iko Wilaya ya Mufindi, upande ule ambako mashamba ya chai yanakutana na misitu ya paini, na ambako mwezi wa saba ukungu hauondoki mlangoni mwa kanisa mpaka Misa ya pili inapoanza. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya mambo nitakayoyasimulia yanawahusu watu ambao bado tunasali nao benchi moja.

Nilichaguliwa nikiwa sipo. Kwetu viongozi wa walei huchaguliwa kila baada ya miaka mitatu, na uchaguzi huanzia chini: Jumuiya Ndogo Ndogo huchagua viongozi wake, viongozi hao hukutana kwenye kanda, kutoka kanda huenda kigangoni, yaani kwenye kanisa dogo lililo chini ya parokia, na kutoka vigangoni ndipo hupatikana Halmashauri ya Walei ya parokia pamoja na majina yanayopelekwa kwa Paroko ili ateue wajumbe wa Kamati ya Fedha. Jumapili ambayo jumuiya yetu ilichagua, mimi nilikuwa Kilolo kwenye matanga ya shemeji yangu. Niliporudi Jumatano, mke wangu alinipokea mzigo, akanitengea maji ya kuoga, na baada ya chakula ndipo aliponiambia, kama mtu anayetoa habari ya mbuzi aliyezaa, kwamba jina langu limekwenda kigangoni. Wiki tatu baadaye lilikuwa limefika parokiani.

Nilimuuliza mwenyekiti wa jumuiya kwa nini wamenichagua mimi, naye alinieleza bila kuficha. Sifa zilizosomwa zilikuwa tatu: mtu awe amefunga ndoa kanisani, awe mtoaji wa zaka, na awe mtu wa heshima. Mzee mmoja akanyosha mkono akasema, "Yule karani wa mizani hana maneno," na watu wakapiga makofi. Mjadala haukuzidi hapo. Walinifahamu kwa sababu nusu ya wanajumuiya niliwapimia majani ya chai kwa miaka 26, nikikata uzito wa kikapu na uzito wa maji siku za mvua, na hakuna aliyewahi kusikia nimegombana na mchumaji wala na bwana shamba. Tena nilikuwa nimetoa mifuko miwili ya saruji kwa ajili ya sakafu ya kigango. Uheheni mtu akisifiwa kwamba hana maneno amepewa heshima kubwa, nami niliipokea hivyo. Ilinichukua miaka miwili kutambua kwamba walinichagua kwa tabia ileile ambayo mshika ufunguo hapaswi kuwa nayo.

Kikao cha kwanza Baba Paroko alitukalisha ofisini kwake, akatupa chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, kisha akaanza kutueleza sisi ni nani na sisi si nani. Waumini walituita wadhamini, na jina hilo limetuganda mpaka leo, ingawa kisheria si letu. Wadhamini ambao serikali inawatambua ni wale waliosajiliwa kwa ngazi ya jimbo, yaani eneo lililo chini ya askofu, kwa mujibu wa Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, na usajili wao unasimamiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Ndio ambao kwa jina lao jimbo humiliki ardhi na majengo, hushtaki na hushtakiwa. Kwa upande wa Kanisa, Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unasema katika kanuni ya 532 kwamba paroko ndiye anayeiwakilisha parokia katika mambo yote ya kisheria, na katika kanuni ya 537 kwamba kila parokia lazima iwe na kamati ya fedha ya kumsaidia katika usimamizi wa mali. Halmashauri ya kichungaji askofu anaweza kuiweka au asiiweke kwa kadiri anavyoona inafaa, lakini kamati ya fedha haina hiari. Jambo hilo lilinishangaza, kwa maana miaka yote niliiona kamati kuwa ni mapambo ya uongozi, kitu cha kuwapa cheo wazee waliostaafu.

Alituambia pia kwamba si kila mahali mambo yamekaa kama kwetu. Katika jimbo la Wisconsin huko Marekani kila parokia ni shirika lenye wakurugenzi watano, yaani askofu, makamu wake, paroko, na walei wawili wanaochaguliwa na waumini wenyewe. New York nako wapo walei wawili katika watano, ila hao huchaguliwa na wale viongozi watatu. Idadi hiyo ndogo ya walei ina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika baadhi ya parokia za Marekani, walei walishika hati za makanisa wakafika mahali pa kutaka kuamua padre yupi abaki na yupi aondoke, na katika kanisa la Mtakatifu Maria huko Philadelphia wadhamini walimkingia kifua padre aliyesimamishwa na askofu wake, mpaka Papa Pius VII akalazimika kuandika barua kuhusu jambo hilo mwaka 1822. Mhazini wetu, mwalimu mstaafu mwenye ulimi mwepesi, alisema kwamba hao walikuwa na bahati, kwa kuwa sisi hata kumwamua mnunuzi wa mahindi hatujui. Tulicheka, lakini mimi nilibaki na swali: ikiwa paroko ndiye mwenye kauli na jimbo ndilo lenye hati, huu ufunguo wangu unafungua nini?

Jibu lilianza kupatikana kwenye mizani. Watu wa mjini hudhani kwamba fedha za parokia ni zile noti zinazotumbukizwa kapuni siku ya Jumapili, kumbe kwetu sehemu kubwa ya zaka huja baada ya mavuno ikiwa ni mahindi, maharage na viazi. Zamani mahindi yalipokelewa kwa debe, na debe la mtu mmoja lilijaa mpaka kilima ilhali la mwenzake lilikwanguliwa kwa kiganja, na yote mawili yaliandikwa "debe 1". Wakati wa kuuza, mnunuzi alikuja na magunia yake ya lumbesa, akashona na kofia juu, akalipa kwa gunia. Parokia ilipoteza mara mbili bila mtu yeyote kuiba. Nilipendekeza tununue mizani, na tukaanza kuandika kilo wakati wa kupokea na kilo wakati wa kuuza. Msimu wa kwanza baadhi ya akina mama walinung'unika kwamba Mungu hapimiwi sadaka. Nikawajibu kwamba Mungu hatumpimii, tunampimia mnunuzi. Sadaka za Jumapili nazo tulikubaliana zihesabiwe na watu watatu wasiotoka nyumba moja, kwenye meza, milango ikiwa wazi, na kila mmoja atie saini kwenye daftari kabla fedha hazijaingia sandukuni. Mwisho wa kila mwezi hesabu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo pembeni ya mlango wa kanisa, kwa sababu kanuni ya 1287 inataka waumini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa.

Baada ya hapo nilianza kujiona mtu mwema, na ndipo nilipokosea. Mwaka 2019 kigango kimoja kilikuwa kimechanga shilingi 1,860,000 kwa ajili ya bati za geji 28, fedha zikawa zinatunzwa katika sanduku la parokia mpaka zitimie. Mwezi wa nne, wakati wa masika, gari la parokia liliharibika gia boksi njiani, Baba Paroko akiwa anatoka kumpaka mgonjwa mafuta. Fundi alitaka shilingi 900,000. Fedha za kawaida hazikutosha, na sote watatu, wenye funguo tatu, tukafungua sanduku na kuazima fedha za bati. Hatukuzila wala hatukuzificha. Tuliandika "deni" kwa kalamu nyekundu na tukaahidi kuzirudisha baada ya mavuno. Mavuno yalikuwa mabaya. Tulipozirudisha zote mwezi wa kumi na moja, bati zilikuwa zimepanda bei, na fedha zilezile zikapungukiwa bati tisa. Kigango kilianza masika mengine kikiwa na upande mmoja wa paa wazi, na watoto wa mafundisho ya Komunyo ya kwanza wakasongamana upande wenye bati.

Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka zilizotolewa kwa kusudi maalumu zitumike kwa kusudi hilo tu. Nilikuwa nimeisoma. Nilikuwa nimeipigia mstari. Lakini gari lilikuwa la huduma, paroko alikuwa mtu mwema, mgonjwa alikuwa amekufa akiwa amepakwa mafuta, na kusema "hapana" mbele ya mambo matatu ya namna hiyo kulihitaji mtu wa aina nyingine. Halmashauri iliniagiza niende kigangoni kueleza. Nilisimama baada ya ibada ya Neno iliyoongozwa na katekista, nikaeleza tarehe, kiasi na sababu, nikaomba radhi, na nikalipia bati nne kutoka mfukoni mwangu. Bibi mmoja aliyekaa kwenye jamvi aliniuliza swali moja tu: "Mlipokuwa mnazitoa, mlitutumia hata mtoto kutuambia?" Hatukuwa tumemtuma mtu. Naamini kabisa kwamba wangeulizwa siku ile ya gari, wangekubali kwa sauti moja, na hata bei ya bati ilipopanda wangeibeba pamoja nasi kama msiba wa nyumbani. Kilichowaumiza si gari.

Jambo la paini lilikuja mwaka uliofuata. Parokia ina ekari tatu za paini zilizopandwa mwaka 2003 na vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, pamoja na wakatekumeni, yaani waliokuwa wanajiandaa kubatizwa, wa wakati huo, na kufikia mwaka 2020 miti ilikuwa na umri wa miaka 17, minene, iliyonyooka, tofauti na ile michanga ambayo watu wengi huuza mapema kwa sababu ya ada za shule. Sisi tunaishi jirani na Shamba la Miti Sao Hill, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la nne hujua thamani ya mti. Tulihesabu miti 1,100. Mjumbe mmoja wa kamati, mtu aliyekuwa ametoa sanamu ya Bikira Maria pale kwenye pango na aliyekuwa wa kwanza kutoa ahadi katika kila harambee, alituletea mnunuzi kutoka Makambako aliyekuwa tayari kulipa shilingi 8,500 kwa kila mti ukiwa umesimama, taslimu, bila kuchelewa. Jumla ilikuwa shilingi 9,350,000. Nyumba ya mapadre ilikuwa inavuja, na fedha taslimu zina namna yake ya kuharakisha mawazo ya watu.

Mimi nilimfahamu mnunuzi huyo. Alikuwa mkwe wa yule mjumbe, ameoa binti yake wa pili, na nilikuwapo siku ya kupokea mahari. Nilikunywa ulanzi wa siku ile na kula nyama yake. Katika kikao cha kwanza neno lilinifika kwenye ulimi nikalimeza. Nilijiambia kwamba pengine kila mtu anajua. Katika kikao cha pili nililimeza tena, safari hii kwa sababu nzito zaidi: mwaka 2011, mtoto wangu alipozidiwa usiku, ni gari la mjumbe huyo lililompeleka hospitali ya wilaya, naye hakukubali hata fedha ya mafuta. Mtu wa namna hiyo unaanzaje kumwambia mbele za watu kwamba mnunuzi wake ni wa nyumbani kwake?

Katika kikao cha tatu, wakati barua ya kuomba kibali cha jimbo ilipokuwa inaandikwa, mwenyekiti wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, aliweka chini kalamu yake akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Huyu mnunuzi ni nani wetu?" Palikuwa kimya. Mjumbe mwenyewe aliangalia dirishani. Baba Paroko, ambaye alikuwa mgeni wa miaka miwili tu katika eneo lile na hakujua ukoo wa mtu yeyote, alituangalia mmoja baada ya mwingine, na macho yake yalipofika kwangu nilisema, "Ni mkwe wake."

Paroko hakupandisha sauti. Alifunga faili, akachukua kitabu cha sheria akatusomea kanuni ya 1298, inayokataza mali ya Kanisa isiyo ya thamani ndogo kuuzwa au kukodishwa kwa wasimamizi wake au kwa ndugu zao, wa damu au wa ukwe, mpaka daraja la nne, bila kibali maalumu cha maandishi cha mamlaka husika. Alisema kwamba wanasheria wanaweza kubishana kama mjumbe wa kamati ni msimamizi kwa maana kamili ya neno hilo, lakini yeye hakuwa tayari kuipeleka parokia mpaka kwenye ukingo wa ubishi huo. Tangazo la mauzo lilibandikwa kwenye milango ya vigango vyote kwa Jumapili nne. Barua tano zililetwa zikiwa zimefungwa, zikafunguliwa mbele ya Halmashauri, na mnunuzi aliyeshinda alilipa shilingi 14,000 kwa mti, jumla 15,400,000. Mkwe naye aliruhusiwa kuleta barua kama wengine, akiwa na maelezo ya uhusiano wake yaliyoandikwa waziwazi, lakini hakuleta.

Tofauti ilikuwa shilingi 6,050,000, na kwa muda fulani nilisimuliwa vijiweni kama shujaa. Sikuwa shujaa. Yule mjumbe alijiuzulu wiki ileile, akaacha kuja kwenye jumuiya kwa zaidi ya mwaka, na mke wake akawa anavuka upande wa pili wa barabara akimwona mke wangu sokoni. Mwishowe nilimfuata nyumbani kwake. Tulisalimiana, "Kamwene," "Kamwene," akanipa kigoda, tukakaa kimya kiasi cha mtu kumaliza kikombe cha chai. Kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Karani, mimi sikuona kosa. Niliona mkwe wangu anapata kazi na parokia inapata fedha. Kama wewe uliona kosa, ungeniambia siku ile ya kwanza tulipokuwa tunatoka mlangoni. Ulingoja mpaka barua inaandikwa, ukanivua nguo mbele ya padre."

Nimelipima neno hilo kwa miaka mingi sasa na sijaona pa kulikata. Siku ya kwanza swali lile lingekuwa la kawaida, kama kuuliza tarehe. Siku ya tatu lilikuwa shtaka. Kilichobadilika katikati si ukweli wa jambo, bali ni kunyamaza kwangu, ambako jumuiya ilikuwa imekupigia makofi. Kunyamaza nje ya kikao ni sehemu ya kazi, na mjumbe anayebeba hesabu za parokia mpaka kilabuni anastahili kuondolewa. Lakini kunyamaza ndani ya kikao, mbele ya jambo unalolijua, ni kumweka mwenzako kwenye mtego ambao baadaye utaufyatua mwenyewe.

Tangu hapo Baba Paroko aliweka utaratibu kwamba kila kikao, baada ya sala na kabla ya kusoma muhtasari, mwenyekiti aulize kwa kila ajenda yenye fedha: nani ana undugu, deni au biashara na jambo hili? Mwanzoni tulijisikia kama watuhumiwa. Baada ya miezi michache ilikuwa kama kupiga ishara ya msalaba. Mhazini alitangaza kwamba maandazi ya kikao yanapikwa na binti wa kaka yake. Katekista alitangaza kwamba fundi wa madawati ni msimamizi wake wa ndoa. Tuliendelea kununua maandazi yaleyale, ambayo kwa kweli yalikuwa mazuri, na hakuna aliyeona haya kusema wala kuulizwa.

Uchaguzi wa mwaka 2021 ulipokaribia niliomba nafasi ya kuzungumza katika kanda yetu kuhusu namna ya kuwapata watu wa fedha. Nilisema kwamba ndoa na zaka ni sifa za kuwa Mkristo mwema, wala siziondoi, lakini hazituambii kama mtu anaweza kusoma taarifa ya benki au kumwambia padre kwamba fedha hizi zina kazi yake. Niliwaomba wasimchague mtu kwa ukubwa wa michango yake, kwa sababu kila mtu hujiona ana deni kwa mtoaji mkubwa, na asiyeulizika si mtu wa kushika hesabu. Niliwaomba pia kila anayependekezwa awepo, aulizwe kama anaitaka kazi, na asimulie mara moja ambapo aliwahi kukataa jambo mbele ya mtu anayemheshimu. Hili la mwisho liliwachekesha sana. Mzee mmoja alisema kwamba sasa tunataka wagomvi, na mwingine akasema kwamba Kanisa si siasa. Jumuiya mbili tu kati ya saba zilifanya hivyo. Mimi nilirudishwa kwa muhula wa pili, na nina hakika kabisa kwamba jumuiya yangu ilinirudisha kwa sababu ileile ya awali.

Na Baba Paroko, ambaye tulipendana sana, hatukukubaliana kuhusu jambo moja. Yeye aliona wajumbe wote wa kamati ya fedha wateuliwe naye kwa ujuzi wao, kwa kuwa kura huleta watu wa koo kubwa na vigango vikubwa. Ana hoja, nimeona mhasibu mzuri akishindwa na mpiga ngoma. Lakini mjumbe aliyeteuliwa na paroko peke yake huona aibu kumhoji aliyemteua, na waumini humwona kuwa ni mtu wa ofisini. Kanuni ya 537 inaacha utaratibu wa kuwachagua mikononi mwa sheria za jimbo, kwa hiyo nafasi ya kuchanganya ipo. Mimi ningependa nusu watokane na kura za vigango na nusu wateuliwe kwa taaluma, na mshika ufunguo wa tatu atoke katika nusu ya kwanza daima.

Mwezi wa Desemba 2023 Jimbo la Mafinga lilizaliwa kutoka Jimbo la Iringa, nasi tukajikuta katika jimbo jipya ndani ya Kanda ya Kikanisa ya Mbeya, yaani kundi la majimbo yanayoongozwa na Jimbo Kuu la Mbeya. Watu walishangilia askofu mpya. Baba Paroko wetu, pamoja na kushangilia, alitupa kazi ya kuandika upya orodha ya mali zote za parokia, kuanzia kalisi hadi mabeseni. Tulipofika kwenye viwanja ndipo tulipoingia jasho. Kigango kimoja cha zamani kilikuwa kimejengwa juu ya ardhi iliyotolewa kwa mdomo na mzee mmoja, katika miaka ambayo neno la mzee lilitosha. Mzee amefariki, mashahidi wake wawili wamefariki, na wajukuu wake, ambao ardhi imewapungukia, walikuwa wameanza kupanda viazi mpaka ukutani mwa sakristia. Hapakuwa na hati ya kimila wala hata barua ya kijiji.

Hatukwenda mahakamani. Tulikwenda kwanza nyumbani, mara tatu, na kilichotusaidia ni daftari la katekista wa zamani, ambamo aliandika kwa penseli siku ya kupima kiwanja, hatua ngapi kutoka mtoni na hatua ngapi kutoka kwenye mti wa mpingipingi, na majina ya waliokuwapo. Mjukuu mkubwa aliposomewa jina la babu yake, alilichukua daftari akaliangalia kwa muda mrefu. Tuliwaachia wajukuu upande mmoja waliokuwa wameulima, wao wakasaini uliobaki mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji, na makaratasi yakapelekwa jimboni ili yafuate njia ya wadhamini waliosajiliwa. Ufunguo wangu haukufungua lolote katika jambo hilo. Lililotakiwa ni watu wa mahali pale, wanaokumbuka nani alimwoa nani na mti gani ulikuwa wapi, kitu ambacho padre anayehamishwa kila baada ya miaka michache hawezi kuwa nacho, hata akiwa mtakatifu.

Mwishoni mwa mwaka 2024 muhula wangu wa pili uliisha, na utaratibu wetu hauruhusu wa tatu. Kigango cha jirani kilimleta dada mmoja mwenye duka la pembejeo, mama wa watoto watatu, ambaye katika jumuiya yake aliulizwa lile swali langu lililochekwa, naye akasimulia alivyokataa kumkopesha mbolea diwani wake. Siku ya makabidhiano tulikuwa wanne ofisini: yeye, mimi, mhazini na Baba Paroko. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi. Nilimpa ufunguo, ukiwa na uzi uleule mwekundu niliopewa nao, nikataraji aupokee kwa mikono miwili tusali tuondoke.

Aliupokea kwa mikono miwili. Kisha akaomba kufuli zote tatu zifunguliwe, akatoa kikokotoo mkobani, akavuta kiti. Daftari lilisema shilingi 412,600. Alihesabu noti, akahesabu sarafu, akarudia sarafu, akaandika kwenye karatasi yake 408,600.

"Baba Karani," alisema bila kuinua macho, "hapa pamepungua elfu nne. Zimekwenda wapi?"

Mhazini alikohoa. Baba Paroko aliniangalia. Nilivuta kiti changu karibu na meza, nikavaa miwani, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa Jumapili iliyopita, tukaanza kuhesabu upya.